Kihamba cha Bunju

"Sheria za serikali ni za watu wasio na kwao," alisema Praygod, amesimama katikati ya sebule ya marehemu baba yake kana kwamba anahubiri. "Sie tuna kwetu. Tufuate mila."

Mila yenyewe alikuwa ameijua majuzi. Kabla ya msiba, ndizi alizozifahamu ni zile zilizokwisha kukaangwa. Lakini tangu aelezwe kwamba sheria ingeigawa nyumba ya Bunju na migomba yake kwa watoto wote, pamoja na mjane, mapenzi yake kwa mababu yalikuwa yamechanua ajabu.

"Mila gani hiyo, dogo?" aliuliza Edgar, kaka yake mkubwa.

"Ya Uchaggani. Tangu enzi za babu wa babu, mtoto wa kwanza wa kiume anapewa shamba la pembeni. Nyumba ya baba na kihamba, yaani shamba la migomba linaloizunguka, ni vya mtoto wa kiume wa mwisho. Wa kati wanajitafutia."

"Asante kwa kunikumbuka," alisema Avelina, aliyezaliwa katikati yao.

Sekela, mjane, alikuwa kwenye kochi, amejitanda khanga mbili, mto nyuma ya mgongo. Marehemu alimwoa baada ya mama yao kufariki, na kwa umri Praygod alimzidi. Harufu ya samaki ilipoingia kutoka jikoni, Sekela alitoka nje, akarudi akinyonya limao. Wajane wengine hukonda. Huyu alikuwa amenenepa tangu arobaini, mara ya mwisho watoto hao kukanyaga Bunju, na Praygod aliona ni kumdharau marehemu. Alikwisha kumpangia safari ya kurudi kwao Tukuyu.

Baba mdogo Deogratias, aliyekulia migombani, alizungumza taratibu. "Nataka nielewe vizuri, mwanangu. Zamani, mama wa huyo kitindamimba alibaki naye humo humo. Hakuna aliyemwondoa mpaka kufa."

"Asiondolewe," alisema Praygod upesi. Mama yake mwenyewe alikuwa amelala makaburi ya Kinondoni miaka mingi. Hakuwa na mpango wa kumhamisha.

"Na kaka zake walimlimia na kumlisha mpaka apate nguvu za kujitegemea."

Praygod, mwenye miaka thelathini na sita na kitambi kilichotunzwa vizuri, hakutegemea bahati ya namna hiyo. Alimtazama Edgar kwa huruma.

"Wamlishe. Mila ni mila, baba mdogo. Huwezi kula ndizi ukalikana ganda."

"Hata ikichukua miaka ishirini?"

"Hata thelathini."

Edgar alihema. Alishachoka, na shamba la pembeni halikuwa haba. "Haya. Mie nakubali, tukalale."

"Shemeji?" aliuliza mzee.

"Mie mgeni," alijibu Sekela. "Nafuata mila yenu."

Praygod alimwona mama huyu mdogo kuwa mwelewa kuliko alivyodhani. Akaamua kumlipia na basi la kumrudisha kwao.

Mzee alitoka, akarudi na jani la sale alilochuma mpakani mwa shamba. Mababu waliapa kwa jani hilo, na aliyelivunjia heshima alitengwa na ukoo mzima. Praygod alilishika wa kwanza, kwa mikono miwili, akaapa kwa sauti ambayo majirani walinufaika nayo. Nyumba na kihamba ni vya kitindamimba. Mama yake asiondolewe. Kaka zake wamlee. Edgar akarudia maneno hayo hayo huku akipiga miayo.

Mzee Deogratias akalipokea jani, akalifunga vizuri kwenye leso, akaliweka mfukoni.

"Mungu akubariki, mwanangu," alimwambia Praygod. "Basi anza na nauli ya shemeji ya kliniki, kesho asubuhi. Daktari anasema ni wa kiume."