Kibuyu cha Mama Béatrice

"Ameniloga kibuyu!" Mama Béatrice alipayuka hadi kuku wa jirani wakanyamaza. "Ni jirani yule, Ernestine! Maziwa ya jana asubuhi, na mpaka sasa hayajaganda!"

Kibuyu hicho alivuka nacho mpaka akitoka Bukavu. Miaka kumi na miwili kiligandisha maziwa kwa usiku mmoja, na wateja wa mtaa wake, Kinama, walipanga foleni. Sabuni haikukigusa. Kilisuuzwa kwa maji baridi tu, maana chachu ya mgando huishi humo humo, kwenye kuta zake za ndani.

Esperance, bintiye, hakuwa na masikio ya habari za kibuyu. Mezani zilisimama chupa zake tatu za sabuni ya maji, ya tatu imepungua; alidhani inavuja. Alikuwa amekamua mafuta ya mchaichai, akayaunga na sukari, likapatikana povu la kuua vijidudu. Angalau aliamini hivyo. Lakini umeme wa maabara ulikatika siku mbili, sahani alimokuzia vijidudu vya majaribio zikaharibika zote, na leo ndiyo siku ya mwisho. Bila ushahidi kwamba sabuni inaua, kamati ya wabunifu haimpi karakana.

Na Monsieur Sylvère wa kamati alikuwa ameshabisha hodi.

"Si nilikuambia?" Mama alinong'ona, mnong'ono wa kufika barabarani. "Maji ya majani hayo hayaui hata chawa."

"Mama, basi!"

Sylvère aliketi, akafungua daftari. "Binti yangu, mimi siandiki imani. Nionyeshe kitu kimoja tu ambacho sabuni hii imeua."

Esperance aliinua chupa moja, akairudisha mezani. Kalamu ya mgeni ikaanza kuteremka kuelekea jina lake, ilikate.

Hata hivyo mgeni haondoki na kiu. Mama akammiminia kikombe cha maziwa ya kibuyuni. "Utanisamehe, Monsieur. Hayakuganda. Jirani ana jicho baya."

Sylvère akaonja. Akaonja tena. Akatia pua kikombeni.

"Mama, mbona yananukia mchaichai?"

Mama Béatrice akakiweka kibuyu chini. Akazitazama chupa, akavitazama vidole vya miguu yake.

"Mutoto wangu," alisema kwa sauti ndogo ambayo Kinama haijawahi kuisikia, "kasabuni kako kananukia muzuri sana. Jana, mbele ya kutia maziwa, mi nilikiosha nako kibuyu."

"Chachu! Andika imeua chachu!" Esperance alimwambia Sylvère, akapiga kigelegele hadi Ernestine akaja mbio kuuliza nani anaolewa.