Nembo za Bibi Nambahu

Sheria hairuhusu picha yoyote kuhifadhiwa kabla ya kubanwa na chipu ya kamera ili ipungue ukubwa, na picha halisi hufutwa papo hapo. Chipu hiyo niliibuni mimi. Ilikuwa ikipata moto kupita kiasi, nikaiamuru itupe mistari yote myembamba ya pichani kama uchafu. Ikapoa, nikapongezwa.

Leo ni arobaini ya bibi yangu Nambahu, Mmakonde aliyechanjwa nembo za mistari myembamba uso mzima. Kwenye picha ya ukutani, uso wake ni laini kama wa mtoto mchanga.

"Mwanangu, nembo za mama zimekwenda wapi?" mama akaniuliza.

"Printa ilikuwa mbovu, mama," nikadanganya.

Akachukua kalamu, akaanza kuzirudisha pichani mwenyewe. Alipofika shavuni, mkono ukasita.

"Hapa zilikuwa tatu au nne?" akaninong'oneza. "Niambie, wewe ndiye fundi wa picha."