Funda la Maji

Koti la Senkondo lilinuka tumbaku. Mama alimvika Mbonea koti hilo mlangoni, akamnong'oneza, "Kaka yako hatakuja, na baba yenu haoni tena. Akilipapasa koti atadhani ni Senkondo. Wewe piga magoti, unyamaze."

Ndani, mzee alikuwa ameketi kitandani na kibuyu mapajani. Aliposikia magoti yakigusa sakafu, akapiga funda la maji akalihifadhi mdomoni, kama baba yake alivyomfanyia yeye. Maji ya baraka hupulizwa kifuani mwa mwana. Yakishaingia mdomoni hayamezwi wala hayatemwi chini. Akanyoosha mkono, akashika ukosi wa lile koti. Uso wake ukalainika.

Mbonea akauona ule ulaini, akajua si wake. Akalivua koti, akaliweka chini.

"Baba, mimi ni Mbonea. Kigoda cha mzaliwa wa kwanza kaka alinipa mwenyewe siku aliyohama, mbele ya mashahidi. Lakini baraka hakuwa nayo ya kunipa. Hiyo unayo wewe, na nimekuja kuiomba kwa jina langu."

Mlangoni, mama alijishika kichwa.

Mzee hakuweza kujibu, mashavu yalikuwa yamejaa. Mkono wake ulipapasa hewani ukilitafuta koti. Mbonea akafungua vifungo vya shati lake mwenyewe, akasogeza kifua mbele mpaka kikagusa vile vidole.

Tone moja likamtoka mzee pembeni mwa mdomo, likaning'inia kidevuni.