Umri wa Kitanda

Bi Zuwena, muuza vitu vya kale, alimwita Fundi Mshamu amkagulie kitanda kabla hajakinunua.

"Huyu bwana anasema ni cha enzi za mababu," alisema, akimwonyesha mwuzaji.

Fundi alipapasa maua yaliyochongwa kichwani mwa kitanda. Weusi wake, uliokifanya kionekane cha kale, ulikuwa rangi ya majani ya chai tu. Chini yake mbao ya mninga ilinukia ubichi. Ghafla vidole vyake vikasita. Mikato ilionyesha kuwa mchongaji alishika patasi kwa mkono wa kushoto, na kila jani lilipindwa ncha kama alivyomfundisha mwanawe Hemedi, aliyekuwa wa shoto, kabla hawajagombana, kijana akatokomea.

"Aliyechonga yuko wapi?"

Mwuzaji aliinamisha macho. "Nisamehe, mzee wangu, ni kipya. Kijana mwenyewe homa ilimchukua mwezi uliopita. Hakuwa na mtu. Tulimzika sisi wa karakana."

"Alikuwa na baba," Fundi alisema.

Bi Zuwena akaamuru kitanda kirudishwe kilikotoka. Wapagazi walipokiinua, Fundi aliingiza bega chini ya pembe moja, akatoka nao juani, midomo ikimcheza kwa dua ya maziko.