Msomaji Yuko Njiani

Siku ya kwanza kiti cha msomaji wa habari kubaki kitupu, kosa lilikuwa la kiatu. Kimoja tu, cha kushoto. Msomaji alikiacha mlangoni jioni, kando ya mwenzake, na asubuhi mwenzake alikuwa peke yake.

"Labda paka," alisema mwenye nyumba, akimimina chai. "Kunywa kwanza, mwanangu. Habari haziwezi kukukimbia."

"Saa ndiyo inayonikimbia, mama."

"Na mwanangu wa kumzaa alikuwa hivyohivyo. Chai anainywa wima, kama anayedaiwa na barabara."

Alipofika kituo cha redio akihema, kandambili miguuni, saa moja ya asubuhi ilikuwa imeshapita. Fundi mitambo alikuwa ameweka ule mkanda wa zamani unaowekwa msomaji asipotokea. Sauti ya kijana, changamfu, na kikohozi kidogo mwanzoni kama mtu anayebisha hodi: "Wasikilizaji, mtuwie radhi. Taarifa ya habari itachelewa kidogo. Msiende mbali, nakuja sasa hivi." Kisha muziki. Kisha sauti tena, hivyohivyo, mpaka msomaji aketi.

"Nani huyu?" aliuliza, akitafuta karatasi zake.

"Msomaji wetu wa kwanza. Alikwenda kuandika habari ya boti iliyopinduka, bahari ikamchukua na yeye. Sauti yake imebaki hapa tu. Haya kaa, dada, taa inawaka."

Mhariri walimwita Dakika, hata wanawe. Hakupaza sauti. Alivua miwani, akaifuta kwa tai.

"Binti, umefika kisiwani juzi tu. Waliokutangulia nimewarudisha bara wote kwa kosa hilihili. Sijui hewa ya hapa ina nini, watu mnalala kama mmepigwa rungu."

Msomaji aliahidi halitatokea tena. Alikuwa amezungusha bahasha ya vyeti mpaka kingo zikachakaa, na hii ndiyo kazi pekee iliyomwitikia. Nyumbani walikuwa wameshaanza kumwita "mwandishi" bila kucheka.

Basi akajaribu kukizoea kisiwa. Chumvi ilikula vitasa vya milango na kamba za viatu. Habari zenyewe zilikuwa chache na zilijirudia: pampu ya maji imeharibika, pampu imetengenezwa, boti imechelewa, pampu imeharibika. Aliamka giza likiwa bado zito, akapiga simu kwa polisi, kwa nesi wa zamu, kwa mkuu wa gati, akaandika, akasoma, akarudi kulala mchana kama mgonjwa. Chumba kilikuwa kile ambacho kituo huwapangia wasomaji wake. Kilikuwa na dirisha moja na kitanda kifupi kilichoacha miguu nje.

Mwenye nyumba hakuwa mtu wa maneno mengi. Jikoni aliweka redio juu ya rafu, na mezani kikombe kimoja cha chai kilichofunikwa kisahani, ambacho hakuna aliyekinywa.

"Mama, leo umenisikia?" alimuuliza siku moja, akitamani hata sifa ya uongo.

"Nilizima, mwanangu. Ulipoanza tu, nikazima. Masikio yangu haya."

Kisha saa ya mezani ikarudi nyuma usiku, yenyewe. Akachelewa tena. Aliporudi nyumbani amenuniwa na kituo kizima, alikuta nguo zake zote zimefuliwa na kupigwa pasi, hata zile za ndani. Mwenye nyumba alikuwa akifagia uani huku akiimba.

"Mama, leo wamenisema vibaya sana."

Wimbo ukakatika. "Watakuzoea," alisema, akaendelea kufagia palepale alipokwisha kufagia.

Dakika alimwandikia onyo, akamsomea mwenyewe ili asiseme hakuelewa. Mara nyingine moja tu, naye atapanda boti ya bara.

Usiku ule alilala na viatu miguuni. Simu aliiweka chini ya shavu. Alfajiri alikuwa tayari, karatasi mkononi, hana hata haja ya chai. Akakuta lango la mbele lina kufuli.

"Mama! Ufunguo!"

Akagonga, akaita, akagonga tena. Akazunguka nyuma, kwenye ukuta wa uani, akapindua ndoo ya kufulia na kuikanyaga. Mguu mmoja ulikuwa tayari juu ya ukuta aliposikia mlio wa saa moja kutoka jikoni. Redio ilikuwa imefunguliwa mpaka mwisho.

Dirisha la jikoni lilikuwa wazi, hatua chache kutoka pale alipokuwa. Mwenye nyumba alikuwa ameketi mezani, amevaa nguo zake nzuri. Ufunguo wa lango ulikuwa kiganjani mwake. Kisahani alikuwa amekiondoa juu ya kikombe, na mvuke ulikuwa ukipanda.

Kikohozi kidogo. "Wasikilizaji, mtuwie radhi. Taarifa ya habari itachelewa kidogo. Msiende mbali, nakuja sasa hivi."

"Siendi popote, mwanangu," mwenye nyumba aliijibu redio. "Chai yako hii hapa."

Mguu ukashuka ukutani taratibu. Aliketi juu ya ndoo, karatasi za habari magotini, akangoja mkanda urudie.

"Usingizi," msomaji alimjibu Dakika, alipoulizwa kwa nini amechelewa.

Msomaji mpya amefika kwa boti ya Ijumaa. Amepangiwa chumba kilekile.