Kucha za Nili

Asubuhi ile bosi wake, ambaye Conjesta alizoea kumwita Mama, alimpa glavu nyeupe. "Leo unahudumia wageni, nnataka uwe nadhifu." Conjesta, masikini, akadhani ni heshima.

Alielewa alipofika kwenye maonyesho ya kushindanisha vitambaa na sinia lake la kahawa.

Ukutani kilitundikwa kitambaa alichokifunga mwenyewe fundo kwa fundo, jikoni kwa Mama, mtaa wa Azaiba, akakichovya kwenye rangi ya nili mara kumi na mbili, kisha akakitarizi kwa uzi mweupe. Mama kazi yake ilikuwa kwenda darasani kwa mwalimu Mjapani wa kutia rangi na kurudi na maelezo kwenye karatasi. Chini ya kitambaa paliandikwa jina la Mama.

"Kwetu mtia rangi tunamjua kwa kucha," mwalimu alisema kwa Kiingereza, akionyesha zake, za buluu mpaka kwenye nyama. "Nili haitoki mpaka ukucha uote upya."

Mama akacheka, akanyoosha vidole vyake vya hina. "Mimi nilikuwa navaa glavu."

Conjesta akasogea. Jasho lilikuwa limelowesha glavu, na kwenye ncha za vidole nili ya kucha zake ilikuwa imepenya, doa baada ya doa. Hakuficha. Alimsogezea mwalimu sinia mpaka kifuani.

Mwalimu akayatazama madoa, moja moja. Akamtazama Conjesta usoni.

Halafu akachukua kikombe, akainama kushukuru, akageuka, na kwa kucha zake zile za buluu akambandika Mama utepe wa mshindi.