Mkanda wa Kiti cha Nyuma

Mkunga Sikudhani alitaka gari la kuwavusha wazazi mto hadi hospitali, na hili, lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, lilikwisha kumkaa moyoni.

"Juzi limepanda jabali mpaka mbuzi wakaona haya," alisema Makame, muuzaji.

Fundi Mbaruku, aliyeitwa kulikagua, hata boneti hakufungua. Aliingia nyuma, akanusa marashi yaliyomwagwa humo, akakunja uso kama aliyelamba shubiri. Kisha akauvuta mkanda wa kiti mpaka mwisho, kule ambako wauzaji husahau kuosha. Ulitoka na tope kavu na uvundo wa samaki.

"Hili limelala mtoni."

"Mvua tu, mzee wangu. Dirisha liliachwa wazi."

"Mvua gani inanyesha na magamba?" Fundi alibandua gamba la perege, akalipangusa kwenye shati la Makame.

"Na waliokuwemo?" aliuliza Sikudhani.



Fundi akauachia mkanda. Haukurudi. Ulining'inia mlangoni, na katikati ulikuwa umekatwa kwa kisu, ukaungwa kwa uzi mweusi. Sikudhani, aliyezoea kuwashona wazazi waliochanika, alipitisha kidole juu ya mishono ile, mmoja mmoja.